Tunda Moja Mstari wa Kumi na Nne

Nilikwenda Malaysia na akili ya mkulima wa mahindi. Kwetu Ismani mahindi yakitoa mbelewele, ukipita shambani upepo ukivuma, unatoka mabega yamejaa vumbi la njano. Niliamini kila chavua husafiri hivyo.

Basi Aprili ile, kwenye mafunzo ya kilimo cha mpira huko Selangor, nilitundika vipande vya kioo nilivyovipaka mafuta ya mgando ukingoni mwa shamba, kule upepo unakoelekea. Vilikaa siku tatu. Kwenye hadubini nikaona vumbi la barabara na chavua ya nyasi. Ya mpira niliitafuta mpaka macho yakauma, sikuiona.

Mgema mzee wa utomvu wa mpira aliyekuwa akitutembeza tulimwita Pakcik, kama sisi tunavyosema mjomba. Aliinamisha tawi lenye maua ya mwisho wa msimu, madogo, hayana petali, yananukia vizuri, akaniambia nisimame kimya na lenzi yangu. Wakaja usubi, wadogo kuliko punje ya uwele, na mmoja alikuwa na chembe za njano mgongoni. Chavua ya mpira inanata. Haikuumbwa kupeperuka, inabebwa.

Nikauliza: inabebwa mpaka wapi? Pakcik akanipeleka kwenye kipande cha shamba chenye miti ya mpira aina ya GT 1, kilichopakana na kingine cha aina ya RRIM 600. Maua ya kiume ya GT 1 hayatoi chavua inayofaa, kwa hiyo kila tunda lililo juu yake baba yake ni mti mwingine. Sijapata kuona shahidi mzuri kama huyo shambani!

Tukaanza kuhesabu matunda machanga. Mistari mitatu ya mpakani ilikuwa nayo, si mengi, maana hata mpira uliochavushwa vizuri hudondosha maua karibu yote. Kadiri tulivyoingia ndani yakapungua. Mstari wa saba, wa nane, hakuna. Nilikuwa tayari kurudi, nikafikiria wenzangu nyumbani wanaookota mbegu chini ya mti wowote na kuotesha miche bila kuuliza jirani yake ni nani.

Mstari wa 14 Pakcik akanyoosha kidole juu. Tunda moja, la kijani, lenye vyumba vitatu.

Nilirudi mpaka mstari wa kwanza wa RRIM 600 nikihesabu kwa hatua. Mistari ile iliachana mita 6. Mita 84, juu ya mgongo wa usubi.