Leo neva ya hisia za uso imepigwa mionzi

Nimerudi sasa hivi. Kichwa bado kizito.

Miaka sita shavu la kulia linanipiga shoti kama umeme. Upepo tu. Mswaki tu. Dawa zilisaidia, baadaye zikashindwa.

Leo wamenifunga fremu kichwani kwa skrubu 4 (sindano za ganzi ndizo zilizouma), kisha miale 192 ya mionzi ya kobalti (metali inayotoa mionzi) ikakutana kwenye neva moja nyembamba. Bila kisu. Ndani ya mashine sikuhisi kitu.

Nafuu huja taratibu, wiki hadi miezi, kwa hiyo dawa naendelea nazo.

Jioni mwanangu kanyoosha kidole kunigusa shavu. Nikakwepa kabla hajanifikia. Akakirudisha polepole, akakificha mgongoni.

Hicho kidole nakisubiri jamani.

Mliopitia hii, nafuu ilianza lini? Na ganzi usoni je, mlipata?