Daftari kabla ya kitanda

Kodi ya fremu yangu Kariakoo ilipopanda, usingizi ulinihama. Mchana nilikuwa mzima, nahudumia wateja na kutaniana nao. Balaa lilianza nikishazima taa: kodi, ada ya watoto, mzigo uliokwama bandarini, mpaka maneno aliyonitolea shemeji miaka mingi nyuma.

Wenzangu walinishauri vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Sikutaka kufungua duka na kichwa kizito. Aliyenifungua macho ni mke wangu. Usiku mmoja aliniuliza, "Baba Amina, hujalala tu?" Nikamwambia nahesabu madeni. "Si uyaandike? Mimi hesabu za kikoba naziandika. Nikishafunga daftari siziwazi tena."

Basi kila jioni baada ya kula, sebuleni na si chumbani, naandika kinachonikera, na pembeni yake hatua moja ya kesho: mpigie wakala wa forodha, mwombe mwenye fremu nilipe kwa awamu. Jambo lisilo na hatua, kama lile la shemeji, naandika "halina kazi kesho" na kulipita. Baadaye nilisoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliotoka mwaka 2018. Walioandika kwa dakika 5 mambo ya kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema kwa kama dakika 9 kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Na kadiri mtu alivyoandika kwa undani, ndivyo alivyowahi kulala. Mama Amina hakushangaa hata kidogo.

Kahawa ya kijiweni baada ya isha nimeiacha. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa 2 usiku bado kinakukesha saa 7. Kijiwe chenyewe sijakihama, Simba na Yanga lazima zijadiliwe. Nakula kashata na maji.

Kuna joto pia, hasa Januari hadi Machi. Naoga maji ya uvuguvugu saa moja hivi kabla ya kulala. Damu husogea kwenye ngozi, joto la ndani ya mwili linashuka, na usingizi huhitaji huko kushuka. Maji ya tangi la juu ya paa hayahitaji hata kupashwa.

Kitandani navuta pumzi kwa hesabu ya 4, naitoa taratibu kwa hesabu ya 8. Wazo likija silifukuzi. Lisubiri daftari la kesho. Nikiona nagaragara tu, naondoka kitandani, nakaa sebuleni bila simu mpaka kope zilegee. Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza njia hii mwaka 1972: kitanda kisizoeleke kuwa mahali pa kukeshea. Ni ngumu, nisikudanganye. Mwanzoni nilikuwa nasinzia dukani mchana kweupe.

Muziki wa baa ya jirani siku za Ijumaa sijaupatia dawa. Feni yangu kuukuu inaufunika nusu. Na jirani yangu wa fremu ya pili, aliyekuwa hana usingizi na ameanza kusema hataki tena kuishi, sikumpa daftari. Siku hiyohiyo nilimsindikiza hospitali kumwona daktari wa afya ya akili, na mpaka sasa anahudhuria kliniki.