Sina mpango wa kufika Uhuru

Ukikaa Moshi ukasema unapenda mlima Kilimanjaro, swali la kwanza ni umefika kileleni? Ukijibu hapana heshima inashuka hapohapo, hata kama anayekuuliza mwenyewe hajawahi kuvuka geti la Marangu na mlima anauona kupitia dirisha la daladala. Mi nimeacha kubishana. Mita 5,895 za kilele cha Uhuru wabaki nazo wenye mapafu na bajeti, starehe yangu inaishia kambi ya Horombo na kiukweli naona huko ndo kuzuri kuliko kote.

Safari ya siku moja ya kambi ya Mandara wengi wanaijua, mnaingia getini asubuhi na muongozaji wenu, mnapanda msituni masaa kama matatu, mnafika mita 2,720 mnakula mlichobeba, mnashuka, jioni mko mjini mnatafuta mtori. Sio mbaya. Ila huwa nashangaa watu wanageuzia pale wakati kreta ya Maundi ni dakika kumi na tano tu kutoka kwenye vibanda, ukisimama ukingoni ndo unaona msitu unavyoishia na nyasi zinavyoanza, na siku isiyo na mawingu unaona mpaka upande wa Kenya.

Utamu wenyewe sasa uko baada ya hapo. Lala Mandara, asubuhi endelea. Mwanzoni erika, mmea wa majani madogomadogo, ni miti kabisa, imefunikwa ndevu za kijivu na ukungu unapita katikati, halafu kila unavyopanda zinazidi kuwa fupi mpaka zinakufika magotini na ghafla huna kitu juu ya kichwa, jua linakuchoma shingoni huku upepo wa baridi unaingia kwenye mikono ya jaketi, na kilele cha Mawenzi kimechongoka mbele yako. Hakuna anayekimbizana na mtu. Wagumu, yaani wapagazi, wanakupita na mizigo kichwani wanakusalimia, wewe unatembea tu unaangalia maua.

Karibu na Horombo, mita 3,720, kwenye mabonde yenye vijito ndo utakuta ile miti ya ajabu, senesio, ambayo majani yakikauka hayadondoki, yanabaki yameuzunguka mti kama koti la mlinzi wa usiku na kazi yake ni hiyohiyo, kuzuia baridi. Lobelia, mmea mwingine wa huko, nayo ina akili zake. Usiku inafunga majani, asubuhi inafungua. Muongozaji wetu, mzee mmoja wa Marangu, aliniambia "dada, ingiza kidole hapo katikati", nikaingiza, kuna maji yametuama ndani kabisa na yanateleza utadhani umechovya kwenye mlenda, juu kuna barafu nyembamba inavunjika ukiigusa tu, chini yake maji hayajaganda. Ute ule ndo unaochangia lobelia isigande na usiku. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaanza kunifokea chai inapoa. Na ukinywa chai nje angalia mkate wako, kunguru wa Horombo wenye shingo nyeupe hawana aibu hata kidogo, na panya wa mistari wanamalizia makombo chini ya meza.

Kinachoniuma huko ni moto. Oktoba 2020 uliwaka kuanzia maeneo ya Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukachoma vichaka vingi sana, na 2022 ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga. Mtu akiwa mjini anaona ni majani tu yataota. Ila zile erika ndo zinazokamata ukungu na kuugeuza maji, na maji mengi ya mito yetu yanatoka kwenye msitu wala sio kwenye barafu ya kileleni kama tulivyozoea kuambiana. Kwahiyo erika ikiungua tunaopungukiwa ni sisi wa chini.

Na maji hayo yanaenda mbali jamani. Maji ya mito Ruvu na Kikuletwa yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yakitoka hapo ni mto Pangani, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, yanaingia Bahari ya Hindi pale Pangani mjini. Ndo maana mimi likizo yangu nikishuka mlimani nayafuata. Pa kupumzikia pa kwanza ni chemchemi ya Chemka, kule njia ya Boma Ng'ombe, wanaita maji moto ingawa sio ya moto kivile, ni masafi mpaka unaona mizizi ya miti chini, ila Jumapili usiende, muziki na watu mpaka basi.

Halafu ni basi la Tanga, Same, Mombo, Segera, joto linaongezeka kila mji, na Tanga unapanda daladala ya Pangani. Ukitaka ufukwe wa Ushongo unavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni. Pale ndo unaona maji ya kahawia ya mto yanavyoingia baharini.

Kutoka Ushongo kuna kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti, sasa ni mchanga mtupu na maji yakijaa kinapotea chote, kwahiyo saa ya kuondoka haupangi wewe, inapanga bahari. Nahodha alituambia mapema, "nyie wa bara mkichelewa kuamka mtakikuta kimeshazama", tukaamka. Unavaa miwani ya kuogelea unaangalia matumbawe na samaki, na kama ni msimu wanaweza kukuonyesha mayai ya kasa yaliyohamishiwa nchi kavu ili yasifunikwe na maji. Juni mpaka Agosti kusi inavuma, bahari inachafuka, mwenye kichefuchefu asijaribu.

Vifaa wala visikutishe. Jaketi na viatu vya mlima tafuta Memorial, soko la mitumba la Moshi, asubuhi marobota yakifunguliwa, viatu vivae kwanza mtaani mpaka vilainike, baharini chukua kanga na kofia. Ada ya getini kwa Mtanzania ni ndogo ukilinganisha na wageni, kitambulisho tu usisahau.

Sasa kuna mshkaji ananishawishi tufanye safari nzima kwa baiskeli, tufuate mto mpaka Pangani. Upepo wa Same naujua, nimemwambia atangulie tu, mimi nakuja na basi na baiskeli yangu naiweka kwenye buti.