Mchoro wa safu za malaika: nilipofikia

Juma la 1

Nimebandika ukutani karatasi ya mita mbili, na juu kabisa nimeandika safu tisa nilizofundishwa nikiwa mdogo: Maserafi, Makerubi, Viti vya Enzi, Usultani, Nguvu, Mamlaka, Falme, Malaika Wakuu, Malaika. Nilikusudia kuandika kando ya kila jina mahali lilipotajwa katika maandiko, kisha nivute uzi kutoka hapo hadi kwenye orodha. Nilijipa siku mbili.

Siku ya pili nilikwama. Majina yote tisa yamo katika Biblia, ila ngazi yenyewe haimo. Maserafi wanaonekana katika Isaya 6 tu, kila mmoja ana mabawa sita, wakiitana "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Makerubi wamesafiri zaidi: wanailinda njia ya mti wa uzima katika Mwanzo 3, wanalifunika sanduku la agano kwa mabawa yao, na Ezekieli anawaona wenye nyuso nne. Makundi haya mawili hayakutani popote, na hakuna aya inayoliweka moja juu ya lingine. Yale majina ya katikati yanatoka katika Wakolosai 1:16 na Waefeso 1:21, na hata huko mpangilio wake haufanani. Mwandishi hakuwa akipanga vyeo. Alitaka kusema kwamba, wawe nani na wawe wangapi, Kristo yuko juu yao wote.

Kwa hiyo nikaing'oa orodha juu ya karatasi na kuishusha katikati. Asili lazima itafutwe nyuma yake.

Juma la 2 na la 3

Nyuma kabisa nilikuta baraza, si ngazi. Katika 1 Wafalme 22:19 nabii Mikaya anamwona Bwana ameketi katika kiti chake cha enzi, na jeshi lote la mbinguni limesimama mkono wake wa kuume na wa kushoto. Hakuna jina wala cheo. Ayubu 1 ni vivyo hivyo: wana wa Mungu wanakuja kuhudhuria, basi. Ni picha ya mfalme na watumishi wake, na kwa maoni yangu ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata, maana penye kiti cha mfalme swali la nani anasimama karibu haliepukiki.

Majina yanaingia baadaye. Gabrieli na Mikaeli wanatajwa katika Danieli, na Mikaeli anaitwa "mmoja wa hao wakuu wa mbele". Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti, naye anajieleza kuwa mmoja wa malaika saba wanaosimama mbele ya utukufu wa Bwana. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ina kauli niliyoiandika kwa wino mwekundu: majina ya malaika yalipanda pamoja na watu kutoka Babeli. Marabi wenyewe waliona kwamba uhamisho ulileta kitu ambacho hakikuwapo awali.

Hapa nilikaa siku nyingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya Kitabu cha Henoko. Kitabu hiki kizima kimehifadhiwa kwa Kige'ez na Kanisa la Ethiopia, ambalo linakihesabu kuwa andiko takatifu; vipande vya Kiaramu vilipatikana katika mapango ya Qumran. Ndani yake malaika 200 waitwao Walinzi wanashuka juu ya mlima Hermoni, wana kiongozi mkuu, na chini yake wakuu wa kumi kumi wanaotajwa kwa majina. Niliiangalia karatasi kwa muda mrefu. Kati ya orodha zote nilizobandika, ya kale kuliko zote yenye vyeo vilivyopangwa ni ya malaika walioasi.

Juma la 5

Ngazi yenyewe imepatikana. Mjenzi wake aliandika kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa karne ya 6, akajiita Dionisio Mwareopago, yule aliyeongoka kwa mahubiri ya Paulo kule Athene (Matendo 17:34). Neno "hierarkia" ni lake. Alizikusanya zile safu tisa katika makundi matatu ya tatu tatu, na kila safu ikapewa kazi ya kutakasa, kuangaza na kukamilisha iliyo chini yake. Nuru ya Mungu inashuka daraja kwa daraja, kila moja ikipokea kwa kadiri inavyoweza kuibeba. Nimeisoma sehemu hiyo mara nne, na bado inanigusa.

Kwa kuwa aliaminika kuwa mwanafunzi wa Paulo, maneno yake yalipewa uzito mkubwa kwa karne nyingi. Mwaka 1895 wasomi wawili wa Kijerumani, Hugo Koch na Josef Stiglmayr, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba alichota kwa Proclus, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 485. Zile tatu tatu zina harufu ya shule yake.

Papa Gregori Mkuu naye alikuwa na tisa, ila aliziweka Falme mahali pa Nguvu, na Nguvu mahali pa Falme. Dante, mshairi wa Italia, hakulisahau jambo hilo: katika shairi lake, Gregori anafumbua macho mbinguni na kujicheka.

Juma la 7

Nyuzi zimeanza kukatana vibaya. Musa bin Maimuni, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, ana safu kumi, na kipimo chake ni kiasi ambacho kila safu inamjua Mungu. Juu kabisa kuna wale wenye nyuso nne wa Ezekieli, ambao yeye anawaita viumbe hai na kuwatenga na makerubi. Maserafi wako nafasi ya tano, na makerubi ya tisa! Uzi wa makerubi sasa unashuka karibu na sakafu.

Kurani nimeipa ukanda wake wa kijani. Katika 37:164 malaika wenyewe wanasema kwamba kila mmoja wao ana daraja yake maalumu, lakini aya haizitaji daraja hizo moja baada ya nyingine. Kinachojirudia ni ukaribu: malaika waliokaribishwa (4:172), na wanane watakaoibeba Arshi, yaani kiti cha enzi cha Mungu, Siku ya Kiyama (69:17).

Juma la 8

Nimezing'oa nyuzi zote. Ngazi inaondoka, mahali pake nimechora kiti cha enzi katikati ya karatasi mpya, na duara zikikizunguka. Wanne wa Ezekieli wanaokaa chini ya kiti nimeshawaweka. Kesho nawaweka wale wanane wa Arshi, rangi ya kijani, kwenye duara hiyohiyo.