Nilivyochunguza soko la haidrojeni ya kijani kwa kuanzia kwenye gunia la mbolea

Ofisini nilitakiwa kujua kama haidrojeni inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme safi ina wanunuzi hapa Kenya. Ripoti za dunia ni tele. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za haidrojeni, na ile safi haikufika hata tani milioni moja. Lakini hesabu hizo hazisemi nani atalipa Nakuru. Serikali ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023 iliipa mbolea uzito mkubwa, nami nikaanzia hapo.

Nilichukua gunia la kilo 50 la CAN, mbolea ya kukuzia mahindi. Limeandikwa naitrojeni asilimia 26, yaani kilo 13. Naitrojeni hiyo yote hupitia kwenye amonia, gesi ya naitrojeni na haidrojeni, na kuitengeneza amonia hiyo kunahitaji karibu kilo 2.8 za haidrojeni. Kila kilo ya haidrojeni hula uniti (kilowati-saa) 50 hivi za umeme. Kwa hiyo gunia moja ni uniti 140, kabla hujalipia mtambo wa kupasua maji wala wafanyakazi. Uniti ikiwa senti 10 za dola, hizo ni dola 14. Ikiwa senti 3, ni dola 4 na ushee. Baada ya hesabu hiyo, swali langu la kwanza kwa kila niliyekutana naye likawa bei ya umeme.

Maji, ambayo watu huyaulizia sana, hayakunisumbua: lita 9 kwa kilo ya haidrojeni, zikizidi ukihesabu kusafisha na kupoza. Kinachouma, ukitegemea umeme wa jua, ni mtambo wa bei ghali kukaa bure jua likizama. Ndiyo maana Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi karibu na Naivasha, ilinivutia. Mvuke wa jotoardhi haulali, na usiku mahitaji ya umeme yakishuka, sehemu yake huachwa ipotelee hewani.

Mama mmoja mwenye duka la pembejeo alinisikiliza, kisha akauliza: “Mwanangu, mahindi yakifika magotini, hiyo mbolea yako itakuwa hapa dukani?” Nikaongeza safu ya tarehe za kufikisha mzigo kando ya safu ya bei.

Swali lake lilinifanya nifikirie kiwanda cha kuigeuza haidrojeni kuwa mbolea. Mkulima mdogo hanunui amonia. Yurea, mbolea nyingine ya naitrojeni, inataka pia kaboni dioksaidi. CAN inataka asidi ya naitriki na chokaa. Kwenye ripoti niliandika kwamba mnunuzi wa haidrojeni ni kiwanda cha mbolea, na kwamba kisipojengwa pamoja na mtambo, karibu na mvuke, mradi usianze.