Kabla hujamnunulia mgonjwa kopo la asidi amino

Mnaouguza wagonjwa wa saratani, naomba mlijue hili. Seli T, askari wa kinga, haziwezi kuongezeka vizuri bila arjinini, mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Ndani ya uvimbe kuna seli nyingine zinazomwaga kimeng'enya kiitwacho arjinesi, kinachoivunjavunja arjinini iliyopo. Seli T zinabaki hai lakini zimezubaa, hazigawanyiki. Ndiyo maana baadhi ya wanaosubiri upasuaji mkubwa wa tumbo hupewa kinywaji chenye arjinini, omega-3 (aina ya mafuta) na nyukliotidi (vijenzi vya DNA) kwa siku 5 hadi 7. Ila mwenye maambukizi makali ya damu asipewe: arjinini huzalisha gesi ya nitriki oksaidi, mishipa ya damu inatanuka, presha inashuka. Na chakula kwanza jamani! Mwenye kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6 tu.