Kabla ya Jackie Robinson kulikuwa na Walker

Jana kijiweni jamaa walikomaa kwamba mweusi wa kwanza ligi kuu ya besiboli Marekani ni Jackie Robinson, 1947. Nikawaletea Moses Fleetwood Walker, mtu wa Ohio, aliyedakia timu ya Toledo kwenye ligi kuu mwaka 1884. Kimya!

Halafu kudaka kwenyewe siyo huku kwa leo kwa glavu nene. Jamaa mara nyingi alichuchumaa nyuma ya mpigaji mikono mitupu, mpira mgumu unamjia kasi. Vidole vya nani vingepona?

Ila kilichonikera zaidi ni Tony Mullane, mrushaji wa timu yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye alikiri kuwa Walker ndiye mdakaji bora aliyewahi kufanya naye kazi, lakini kwa kuwa hakuwapenda weusi, alipuuza ishara zake, zile ambazo mdakaji humpa mrushaji kumwonyesha mpira gani arushe, na kurusha anavyotaka. Yaani mwenzako hajui mpira unakuja vipi, na wewe unajua fika! Roho gani hiyo?

Walker alicheza ligi kuu msimu ule mmoja tu. Akaendelea ligi za chini hadi 1889, akiwa timu ya Syracuse, na hapo ndipo safari yake ya besiboli ikaishia.